Darasa la kusoma slipu ya mshahara kwa madaktari wapya, Dar: nyota nne kwa tano

Jamani kuna watu wameniuliza sana kuhusu lile darasa la mambo ya mshahara, posho na kodi kwa madaktari wapya, lile la Jumamosi maeneo ya Sinza, kwamba lina maana au ni wale wale wa kuchukua hela zetu halafu tukifika wanaanza kutuuzia viwanja na forex. Nimeamua kuandika kirefu mara moja ili nisirudie rudie wasap. Kifupi nendeni, hasa kama umeajiriwa serikalini juzi juzi na ukifungua slipu unaona vifupisho tu. Mlio praiveti someni mpaka chini kwanza kabla hamjatoa hela zenu.

Bei ni elfu thelathini, kama masaa manne hivi, ukumbi mdogo ghorofani una feni mbili na moja imekufa, chai ipo na vitumbua vipo (vizuri kweli, hapo sina neno). Anayefundisha ni mama mmoja mhasibu mstaafu, amezeekea kwenye halmashauri, kapitisha mishahara ya watu tangu enzi za makaratasi. Jina lake siweki, sitaki hii ionekane tangazo. Anatuita "wanangu" na mtu akijifanya anajua anamwita "mheshimiwa dokta" kwa sauti fulani hivi ambayo unajua tu umeshatukanwa.

Kilichonifurahisha ni namna anavyoanza. Hakuna zile slaidi za "malengo ya maisha". Kila mtu kaambiwa aje na slipu yake imeprintiwa, ukikaa tu anakupa rula, anasema funika karatasi yote halafu shusha rula mstari mmoja mmoja, na ni marufuku kuangalia ile namba ya mwisho. Yaani sisi wote tukipata slipu macho yanakimbilia chini kuona imebaki ngapi halafu tunafunga simu tunalaani. Yeye anakulazimisha usome kila mstari, uuambie darasa huu mstari ni wa nani, unakatwa kwenye nini, na mwenzake ambaye mwajiri anachangia ni kiasi gani. Kuna jamaa mmoja ana miaka miwili kazini alifika mstari wa tatu akakwama, akabaki anasema "mama huu si ni wa... wa serikali tu?" tukacheka lakini wengi hapo tulikuwa hatujui pia.

Ubaoni anatumia mshahara wa mfano, besiki (mshahara wenyewe bila posho, kabla ya makato) 1,600,000, namba ya kuhesabia tu msije mkaniletea ugomvi wa nani yupo TGHS gani, yaani ngazi gani ya mshahara wa watu wa afya serikalini. Anashuka nao hivi: PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5% ni 80,000. Hiyo inatoka kabla ya kodi, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye 1,520,000 na siyo kwenye 1,600,000. Hapa alikaa muda mrefu na mimi nashukuru maana kuna watu humu mtandaoni wanapiga mahesabu ya PAYE (kodi ya mshahara) kwenye besiki nzima halafu wanasema wameibiwa.

Kwenye PAYE yenyewe anakuchorea ngazi. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8%, yaani 20,000 ukimaliza ngazi hiyo. Mpaka 760,000 ni 20%, umefika 68,000. Mpaka milioni moja ni 25%, umefika 128,000. Ikishavuka milioni kila shilingi inayozidi inakatwa 30%. Kwa hiyo ile 1,520,000 inazidi milioni kwa 520,000, asilimia 30 yake ni 156,000, jumlisha na 128,000 unapata 284,000. Ndo PAYE yako hiyo. Halafu akauliza nani hapa aliwahi kuambiwa ukipanda cheo kodi inakula mshahara wote mpaka unapata chini ya ulivyokuwa unapata mwanzo. Mikono ikanyooka kibao. Akasema ngazi haifanyi hivyo, ngazi ya juu inagusa kile kilichozidi tu, vya chini vinabaki kama vilivyokuwa, mtu asikudanganye ukatae kupandishwa daraja.

Zilizobaki kwenye ule mfano alizipitia haraka. NHIF (bima ya afya) 3% ni 48,000, mwajiri naye anaweka 3%, na kadi inabeba wewe, mwenza na wategemezi wanne. Bodi ya mikopo, HESLB, 15% ya besiki, 240,000. TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) 2%, 32,000. Jumla ya makato 684,000. Mkononi 916,000.

Ukumbi ulinyamaza hapo. Maana wengi wetu ukiulizwa na ndugu "dokta unalipwa ngapi" unataja ile ya juu, na ndugu naye anapanga michango ya harusi kwa kutumia ile ya juu.

Sasa kuna hesabu moja pale ambayo kwangu ndiyo ilikuwa thamani ya elfu thelathini yote. Aliuliza: nikikuongezea laki moja kwenye besiki unapata ngapi mkononi? Watu wakasema sabini, themanini. Akashuka ubaoni: PSSSF inachukua 5,000. Kodi 30% ya ile 95,000 iliyobaki, 28,500. NHIF 3,000. HESLB 15,000. TUGHE 2,000. Inayotoka ni 53,500, unayoiona mkononi ni 46,500. Chini ya nusu! Halafu akauliza, na nikikupa laki moja ya ektra dyuti, yaani posho ya kazi za ziada? Unapata laki moja. Kwa nini? Kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, imetaja kabisa posho ambazo mtumishi wa serikali au taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya serikali hakatwi kodi: nyumba, usafiri, madaraka, ektra dyuti, ovataimu, mazingira magumu, na honoraria. Na kuna moja imewekwa kwa ajili yetu sisi kabisa, posho ya anayetoa huduma za praiveti ndani ya hospitali ya umma, ile kliniki ya jioni ya watu wa kulipia, ile fasti traki. Hiyo nayo haihesabiwi kwenye kipato cha kukatwa kodi. Mimi nilikuwa nadhani ni ujanja tu wa hospitali kumbe ipo kwenye sheria.

Lakini hapo hapo akageuza, na hapa ndo nilimpenda. Akasema msishangilie sana, ile laki ya ektra dyuti ni tamu ila haina mtoto. Haiingii PSSSF, kwa hiyo siku ukistaafu hakuna anayeikumbuka. Laki ya besiki ukipewa, wewe unaweka 5,000 na mwajiri anaweka 15%, elfu kumi na tano, kwa hiyo kuna 20,000 kila mwezi inakwenda kwenye mafao yako ambayo huioni kwenye ile namba ya chini. Pia ile 15,000 ya HESLB haijapotea, deni limepungua. Kwa hiyo ukitoa yale unayojilipa mwenyewe, kilichoenda moja kwa moja ni kodi, bima na chama. Kwa mshahara wa mfano ule, PSSSF wanapokea 320,000 kwa mwezi kwa jina lako, 80,000 yako na 240,000 ya mwajiri. Akasema nenda kahakiki kama zinafika, usisubiri ufike miaka sitini ndo uanze kubeba bahasha.

Na kingine, posho zetu hizi za onkoli (kukaa tayari kuitwa kazini) na ektra dyuti kwa wengi zinatoka kwenye mapato ya ndani ya kituo au kwenye zile OC (fedha za matumizi mengineyo ya ofisi), hazitoki Hazina pamoja na mshahara. Mshahara utaingia, posho inategemea kituo kimekusanya ngapi na mganga mfawidhi na mhasibu wameelewana vipi mwezi huo. Kwa hiyo hospitali mbili zipo mkoa mmoja, madaktari wa daraja moja, mmoja anapata onkoli kila mwezi mwingine anasaini tu zile fomu mpaka kalamu inaisha wino. Mahali nilipokuwa mwanzo (sitaji) tulidai posho za miezi mingi, kila ukienda unaambiwa "lipo kwenye mchakato", mpaka nahama bado lipo kwenye mchakato. Mama akatoa ushauri wa kihasibu kabisa: posho isiyotoka Hazina usiipangie kodi ya nyumba wala rejesho la mkopo. Weka nakala ya rosta iliyosainiwa na fomu ya madai, piga picha, maana mhasibu akihamishwa faili linahama naye. Kaka zetu na dada zetu wa mgomo wa madaktari wa 2012 walitaka mshahara wa kuanzia wa milioni tatu na nusu, na hizi posho zilikuwemo kwenye madai yao, kwa hiyo si jambo la leo.

Sehemu ya mkopo wa benki. Hii nadhani wangeifanya iwe saa nzima peke yake. Yeye ana utaratibu, anakuuliza simu ya kwanza uliyopigiwa ulipopata cheki namba (namba yako ya mtumishi kwenye payiroli) ilikuwa ya nani. Karibia wote: afisa mikopo. Yaani mama yako mzazi hajajua umeingia kwenye payiroli, afisa mikopo kashajua, "habari dokta, hongera sana, tuna ofa kwa watumishi wapya". Utaratibu wa serikali ni kwamba baada ya makato yote lazima ubaki na theluthi moja ya besiki. Kwa ule mfano theluthi ni 533,333. Unapokea 916,000, kwa hiyo benki inaona nafasi ya 382,667 kila mwezi na inakutengenezea mkopo wa kuijaza yote, miaka na miaka. Afisa mikopo hajakosea, ndo kazi yake. Lakini akisema "unakopesheka mpaka milioni kadhaa" anachokuambia ni kwamba utabaki na 533,333 mpaka mtoto wako aanze shule. Na hiyo 533,333 ulipie nyumba, umeme, nauli, michango, ada ya leseni ya Baraza la Madaktari kila mwaka, na mdogo wako aliyepo chuo.

Kuna binti mmoja alikaa mbele yangu, katoka tu kwenye mafunzo kwa vitendo, kapangiwa mkoani, akasema mama mimi nimeshajaza fomu ya mkopo wa gari bado kusaini tu. Mama akavua miwani akamuuliza "gari ya kwenda wapi mwanangu, si umesema nyumba ya hospitali ipo hatua ishirini kutoka wodini?" Basi. Sijui kama alisaini.

Halafu ile theluthi ina ubaya mwingine ambao nilikuwa sijaufikiria, ukishaijaza yote huna pa kupumulia. HESLB ikianza kukukata baadaye kwa kuwa ulichelewa kuingizwa, mfano, haina pa kukaa, ndo unaanza kuitwa ofisi ya utumishi kubembelezwa mikopo ipangwe upya. Alishauri kama umesomeshwa na bodi na hujaona mstari wa HESLB kwenye slipu usikae kimya ukifurahi. Deni lipo, linakusubiri, peleka taarifa mwenyewe halafu ndo ukope huku ukijua nafasi yako halisi.

Hapo hapo kwenye HESLB kuna hesabu ndogo alituachia. Ukidaiwa milioni 20 na unakatwa 240,000 kwa mwezi, ni kama miezi 83, karibu miaka saba. Mshahara ukipanda makato yanapanda kwa sababu ni asilimia, hivyo inaweza kuisha mapema zaidi. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inafanya deni lisiishe ilifutwa 2021, kwa hiyo waliosoma kabla wasiendelee kutishana nayo. Salio unaliona kwenye slipu yenyewe pembeni ya makato, na mwezi salio likikaribia sifuri fuatilia kwa macho, maana kuna watu wanamaliza na makato yanaendelea, kurudishiwa ni barua juu ya barua.

TUGHE ilileta kelele. Kuna jamaa akasema mimi sijawahi kujaza fomu ya chama chochote mbona nakatwa? Jibu lake lilikuwa zuri: kwa sheria ya ajira ya 2004, chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba mfanyakazi asiye mwanachama naye akatwe ada ya uwakala, kwa kuwa maslahi yakipatikana na yeye anafaidi. Kwa hiyo kutojaza fomu hakukuokoi. Na MAT, chama chetu cha madaktari, ni kitu kingine kabisa, ni chama cha taaluma na mchango wake ni wa kwako mwenyewe. Watu walianza kubishana TUGHE imewafanyia nini, mama akapiga rula mezani, tukaendelea.

Kwenye malimbikizo alinigusa kidogo. Wengi tunaripoti kazini halafu mshahara wa kwanza unachelewa kuingia, ukija unakuja na miezi ya nyuma kwa mkupuo. Akasema siku hiyo usifurahie namba kubwa ukaifunga. Shusha rula. Angalia kama PAYE imepigwa kana kwamba zote ni mshahara wa mwezi mmoja, maana ukiziweka pamoja karibu yote inaangukia kwenye ile 30% wakati kila mwezi peke yake ulistahili kupita ngazi za chini. Chukua slipu, pitia kwa afisa utumishi, uliza kwa upole, andika barua. Kwa upole amesisitiza mara nyingi, anasema nyie madaktari mkienda ofisi ya utumishi mnaenda kama mnaingia wodini, hakuna salamu, mnataka majibu, na yule dada pale dirishani ndo mwenye funguo za maisha yenu.

Sasa mapungufu, maana nimetoa nyota nne na si tano.

Kwanza kile kijitabu mnachopewa. Yeye mdomoni anafundisha 8% kwa ngazi ya chini, ambayo ndiyo sahihi, ila kijitabu chenyewe kina jedwali la zamani la 9%, kwa hiyo ukifika nyumbani ukipiga hesabu kwa kijitabu inakuja 22,500 badala ya 20,000 kwenye ngazi hiyo na mfano wote unapishana kwa 2,500 mpaka mwisho. Ile 9% imeondoka 2021 jamani! Kuprint upya kurasa mbili kunashindikana vipi? Mtu ametoa elfu thelathini. Nilimwambia kijana wao wa mapokezi akasema "tumeliona hilo" kwa ile sauti ya mtu ambaye ndo analisikia kwa mara ya kwanza.

Pili, faili la eksel wanalokutumia ni zuri, linafunguka kwenye simu, unaweka besiki linakushushia kila kitu, lakini mstari wa HESLB umefungwa kwenye 15% kwa kila mtu. Usiyedaiwa utashangaa. Inabidi uingie mwenyewe uweke sifuri, na hawasemi.

Tatu na kubwa zaidi, wa praiveti mmetupwa. Nilihesabu kwa macho, karibu nusu ya ukumbi walikuwa wa hospitali binafsi au wanaopiga lokamu (shifti za muda bila ajira), na sehemu yao ililetwa mwishoni watu wanaangalia saa. Aliwaambia tu "kwenu ni NSSF, posho zenu zinakatwa kodi, tuendelee" (NSSF ni mfuko wenu wa pensheni). Tuendelee wapi? Hapo ndo kulikuwa na maswali. Kwa kuwa hakuifanya ngoja niwape angalau hesabu moja kwa kutumia namba ile ile. Praiveti kwenye 1,600,000 mfanyakazi kwa kawaida anakatwa NSSF 10%, ambayo ni 160,000, mwajiri anaweka 10% nyingine. Kodi inapigwa kwenye 1,440,000, inakuja 128,000 jumlisha 132,000, yaani 260,000. HESLB kama unadaiwa 240,000. Unabaki na 940,000 kabla ya bima na mengineyo ya hospitali yenu. Kwa hiyo mkononi hamko mbali na wa serikalini. Tofauti inakuja kwenye posho: wao ya nyumba na usafiri haikatwi, ya kwako inajumlishwa na mshahara halafu inakatwa 30% kama umeshavuka milioni. Ndo maana ofa ya praiveti ikisema "1,600,000 pamoja na posho zote" na ya serikali ikisema besiki 1,600,000, usiziweke kwenye mzani mmoja.

Na ule mtindo wa "dokta sisi tunakulipa neti", yaani hela ya mkononi baada ya makato. Hakuugusa kabisa. Ukiambiwa neti, omba uone slipu yenye juu na chini, uone NSSF imeandikwa ngapi, halafu ukiwa na namba yako ya uanachama angalia kama michango inaingia. Neti bila slipu ni maneno tu, siku mkigombana huna karatasi.

Lokamu ndo kabisaa. Unapiga shifti mbili tatu hospitali fulani, unalipwa taslimu au kwenye simu, huna mkataba. Wengine wanakulipa kama mtoa huduma na wanakata kodi ya zuio ya 5%. Sawa, lakini ukikatwa dai cheti chake, maana hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa kwa jina lako na unaitumia kwenye mahesabu yako ya mwaka TRA. Aliye na mshahara mmoja tu unaokatwa PAYE kazini hana haja ya kupeleka ritani, ila ukishakuwa na hela ya pembeni mambo yanabadilika, TIN uwe nayo na makaratasi uyatunze. Hii ningependa aifundishe yeye mwenye uzoefu kuliko mimi kuandika hapa.

Interni pia wamepitishwa haraka, ingawa hapo simlaumu sana, posho ya interni si mshahara wa daraja, mambo mengi ya slipu hayajawahusu bado. Ila wale waliokuja, walilipa bei ile ile. Wangewawekea nusu bei basi.

Na ukumbi. Saa nane mchana, Dar, feni moja. Nawaachia hapo.

Huduma baada ya darasa ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kuna grupu la wasap, unatuma picha ya slipu (funika cheki namba na akaunti, yeye mwenyewe anakukumbusha kila mara) na ndani ya siku anakujibu kwa sauti, vinoti vile vya dakika tano, huku nyuma jogoo anawika. Mimi nilituma swali la posho ya kujikimu ya kuripoti kituo kipya, akanieleza nianzie kwa nani na niambatanishe nini, bila kuniomba hela nyingine. Hilo peke yake kwa ofisi nyingine ungelipia.

Kwa hiyo kama ni mwajiriwa wa serikali, wizara au halmashauri, na hujawahi kushuka slipu yako mstari kwa mstari, nenda, beba slipu za miezi miwili mitatu na si moja, maana ukiziweka pamoja ndo unaona nini kimebadilika. Ukiwa na slipu ya mwezi uliopata malimbikizo ibebe hiyo kwanza. Ukiwa umepigiwa simu na afisa mikopo usisaini chochote kabla ya Jumamosi. Ukiwa praiveti mpigieni kwanza mumwambie mnataka darasa lenu, mkifika watu kumi anasema anakuja hospitalini kwenu, na hapo mbaneni kwenye NSSF, neti na lokamu mpaka aeleze. Mkipanga hilo nistueni na mimi, nina jamaa zangu watatu wa praiveti wanalisubiri. Kijitabu msikitumie mpaka wabadilishe lile jedwali, na ukitangulia kufika kaa kushoto, upande wa feni inayofanya kazi.